Dume Nambari Tatu Amezaa

Itangazwe kwa wenyeji wote wa Bunia, tangu uwanja wa ndege mpaka Mudzipela, na kwa wageni wetu wenye magari meupe yenye antena ndefu, kwamba Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa pili, saa mbili na nusu za asubuhi, Sayansi iliingia mjini.

Iliingia kwa pikipiki, ndani ya vikapu viwili, na kabla haijafika ilikuwa imeshamkojolea dereva mgongoni.

"Madame," dereva alisema alipokuwa akifungua kamba mbele ya maabara, "hii nyama yako haina heshima."

"Haiko nyama," Domitille alimjibu. "Iko kobai ya masomo."

Dereva alifunua kikapu kimoja akawatazama wale wanyama wadogo wasio na mikia, ambao kwingine huitwa simbilisi, wenye mashavu mazito kama watu waliotoka arusini. "Masomo," alisema taratibu, kana kwamba analionja neno. "Na wakipikwa na majani ya sombe, bado iko masomo?"

Mtu asimlaumu. Bunia, kobai hukaa jikoni chini ya meza, hula maganda, na siku mgeni akifika mmoja wao hupungua. Domitille mwenyewe alikulia Butembo katika nyumba ya namna hiyo. Lakini sasa alikuwa na miaka thelathini na mmoja, masomo yake ya maabara yamekatwa na vita mara mbili, na hao ishirini na watano waliokuwa wakipiga kelele vikapuni ndio waliobaki kati yake na diploma. Risasi zilikuwa zimelala mwaka wa pili sasa. Hakuna aliyesema zimekufa. Ukitaka kumaliza jambo Bunia, unalimaliza zikiwa zimelala.

Swali lake lilimfikia kwa njia ya mkate. Mwaka uliotangulia, hospitalini alikofanya kazi, aliletwa dereva wa lori mwenye homa isiyosikia dawa. Domitille aliotesha damu yake kwenye sahani ya kioo, na baada ya siku mbili yakatokea madoa meupe yenye harufu aliyoifahamu tangu utotoni. Ilikuwa harufu ya jikoni kwa mama mdogo Angèle, ambaye huoka mikate karibu na soko kuu. Hamira. Ndani ya damu ya mtu kulikuwa na hamira.

Daktari alipandisha mabega. Yule dereva alipona, akaondoka, akasahau. Domitille hakusahau. Je, ile hamira ya damu ni ile ile ya mkate? Kama ni ile ile, mbona sisi sote tunakula mikate na hatuanguki? Na kama si ile ile, imejifunza wapi kuishi ndani ya mtu?

Akakusanya hamira nne. Ya kwanza aliitoa kwenye beseni la kukandia la mama mdogo Angèle. Ya pili aliikwangua kwenye povu la kasiksi, pombe ya ndizi. Ya tatu ilitoka kwenye unga wa muhogo ulioachwa uchachuke. Ya nne ilikuwa ile ya dereva. Chini ya mikroskopi zote zilifanana: viyai vya mviringo, kila kimoja na kichanga mgongoni kama mama anayekwenda shamba. Ndugu wa tumbo moja. Kwa macho hungejua nani mpole na nani mkali. Ilibidi ziingizwe ndani ya mwili ulio hai, kila moja kwa kipimo kile kile, na mtu akae aangalie.

Ndipo anapoingia Arielle. Arielle ni binti wa mama mdogo Angèle, mwanafunzi wa mwaka wa sita, biolojia na kemia, katika shule ya bweni ya masista iliyo upande wa pili wa ua wa maabara. Masista walimruhusu kuja kila alasiri na mwisho wa juma kumsaidia dada yake. Alikuwa msichana mtulivu, mwenye akili kupita umri wake, aliyevaa viatu vya kufunikwa kama kanuni inavyotaka, na ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akifanya kosa lolote.

"Yaya," Arielle alisema, kama anavyomwita dada yake mkubwa, alipoona Domitille akiandika SC-01, SC-02 kwenye vipande vya katoni, "namba haina ukoo. Hawa si ni ndugu? Wape majina ya nyumbani."

Domitille alicheka, lakini wazo lilimkaa. Kwao Wanande, mtoto wa kiume hatafutiwi jina, anahesabiwa. Wa kwanza anaweza kuwa Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kule. Akageuza vile vipande vya katoni, akaandika kwa herufi kubwa. Kizimba cha hamira ya mkate kikaitwa MUMBERE. Cha pombe ya ndizi, KAMBALE. Cha muhogo, KASEREKA. Cha hamira ya damu, KULE. Kizimba cha tano, ambacho kobai wake walichomwa maji ya chumvi tu ili wengine walinganishwe nao, kikaitwa MGENI. Kila kizimba kilipata madume watano, aliowachagua mwenyewe mmoja mmoja kwa mama mfugaji wa Mudzipela, akiwageuza matumbo juu mpaka yule mama akauliza kama anatafuta kobai au mchumba. Kila dume alipakwa nukta za dawa ya zambarau mgongoni: nukta moja, mbili, mpaka tano.

Kazi ya kila siku ilikuwa rahisi. Kuwapima uzito, kuandika nani amekula na nani ameacha majani, kuosha mikono kwa maji ya javel, dawa ya kuua vijidudu. Kanuni ilikuwa moja isiyovunjwa: kobai aliyeingia maabara hatoki. Mwishoni viungo vyao hukatwa na kuhesabiwa hamira iliyomo, na kinachobaki huchomwa moto.

Mlinzi wa maabara alikuwa mzee mmoja mrefu, mwenye koti la kijeshi ambalo hakuwahi kuwa mwanajeshi ndani yake. Kabla ya vita alifuga mbuzi arobaini upande wa Eringeti. Baada ya vita alifuga funguo za watu wengine. Jina lake lilikuwa Kule.

Jioni ya kwanza alipita mbele ya vizimba, mikono nyuma, akisoma majina polepole kama mtu anayekagua gwaride. Alisimama mbele ya cha nne.

"Papa," Domitille alimwambia bila kuinua kichwa, "hiyo ndoo ya majani, peleka kule."

"Kule ya mahali, ao Kule ya mutu?"

"Kule ya mahali, muzee."

Mzee aliipeleka. Lakini alipokuwa akirudi alisimama tena mbele ya kile kizimba, na Domitille, aliyekuwa akihesabu matone, hakumwuliza anafikiri nini. Baadaye alijuta, kwa sababu mtu anayesoma jina lake mara mbili ana jambo.

Siku tano za kwanza zilikuwa tamu. Mumbere na Mgeni walinenepa kama watoto wa tajiri. Kasereka nao. Kambale walipungua kidogo, wakasimama, wakarudi kula. Na Kule walikonda. Kila mmoja wao alipoteza uzito kila siku, bila haraka, kama mfuko wenye tundu. Ijumaa dume nambari tatu wa Kule, mwenye nukta tatu, hakugusa majani kabisa. Domitille aliandika hayo yote akihisi kitu kikimtekenya kifuani. Hamira ile ilikuwa imejifunza. Swali lake lilikuwa la kweli.

Jumamosi kukawa na matanga. Jirani yao alifariki, na Domitille alilazimika kukaa na wafiwa mpaka Jumapili jioni. Alimwachia Arielle daftari, mizani na maagizo, na Arielle aliyapokea kwa unyenyekevu mkubwa.

Jumatatu Domitille alifungua daftari. Safu ya Jumamosi na ya Jumapili zilikuwa zimejazwa kwa mwandiko mzuri wa bweni, wenye K za mikia mirefu. Mumbere, sawa. Kambale, sawa. Kule, mmoja mmoja: gramu mia nne na kumi, mia nne na thelathini, mia nne na sitini, na kuendelea.

Alipima mwenyewe. Ilikuwa kweli. Kobai watano wa Kule walikuwa wanene, wachangamfu, na walimpigia kelele wakidai majani.

Mtu mwingine angefurahi kwamba wagonjwa wamepona. Domitille aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akawatazama kwa saa nzima. Mwili unaweza kushinda ugonjwa, hilo analijua kila mtu. Lakini watano kwa siku moja? Na gramu themanini kila mmoja tangu Ijumaa? Alifikiri: pengine hamira hukua, hushambulia, halafu huchoka. Alifikiri: pengine nilikosea kipimo. Profesa Adrien, msimamizi wake, alikuwa anakuja Ijumaa kwa ndege kutoka Kisangani ili aone wanyama kwa macho yake kabla ya kumruhusu kwenda mbele ya jopo. Angemwonyesha nini? Kwamba hamira ya damu ni dawa ya kunenepesha?

"Labda ni neema, yaya," Arielle alisema alasiri ile, akiweka majani vizimbani.

"Sayansi haina neema."

"Masista wanasema neema iko pahali pote."

"Basi masista waje wanisainie mémoire yangu ya diploma."

Jumanne walinenepa zaidi. Jumatano asubuhi Domitille alifungua mlango, akahesabu kizimba cha Kule, akahesabu tena, akavua miwani, akaifuta, akahesabu mara ya tatu. Walikuwa saba.

Wawili walikuwa wadogo kama viazi, wenye manyoya tayari na macho wazi, kama kobai wanavyozaliwa, wakitembea huku na huku kana kwamba wamekuja kukagua. Mwenye nukta tatu mgongoni alikuwa akiwalamba.

Domitille alichukua daftari. Mkono wake ulikuwa umezoea kuandika anachokiona, hata pale akili inapokataa. Akaandika: Siku ya kumi. Dume nambari tatu amezaa.

Kisha akasoma alichoandika, na akaanza kucheka peke yake, akacheka mpaka machozi, halafu kicheko kikakatika ghafla kama kamba. Kwa sababu dume hazai. Kwa hiyo huyu si dume. Kwa hiyo huyu si wa kwake. Na kama hawa si wa kwake, wa kwake wako wapi?

Alimshika yule mama mpya, akamgeuza tumbo. Jike, bila ubishi. Akawageuza wengine wanne: majike wawili, madume wawili. Akalowesha pamba kwa alkoli akasugua nukta ya mgongoni. Dawa ya zambarau ikisuguliwa hivyo hutia pamba rangi. Hii haikutia kitu. Akampeleka mnyama dirishani. Juani nukta ile ilimeta. Ilimeta kabisa, vumbi dogo la fedha ndani ya zambarau. Akaikwangua kwa ukucha, ikabanduka kama gamba la samaki.

Kobai alikuwa amepakwa rangi ya kucha.

Domitille alikaa na lile gamba kwenye kiganja. Mama mfugaji wa Mudzipela hapaki kobai rangi. Mzee Kule yuko likizoni tangu Jumamosi, wiki kwa wiki, anapokezana na mlinzi mwenzake. Tena mzee Kule na rangi ya kucha yenye kumeta havikutani. Katika shule ya masista rangi ya kucha ni marufuku. Sista Agathe, mkuu wa nidhamu, hukagua mikono ya wasichana wote kila Jumatatu. Mikono. Domitille naye alisoma bweni, na alikumbuka vizuri mahali ambapo Sista Agathe wa zama zake hakuwahi kukagua.

Saa tisa na nusu Arielle aliingia na majani, mtulivu kama kawaida yake.

"Arielle. Vua viatu."

"Yaya, kanuni ya maabara inasema miguu ifunikwe."

"Vua."

Arielle alivua kiatu kimoja, polepole, akiwa na uso wa shahidi wa imani anayepelekwa kwa simba. Vidole vitano vya mguu vilimeta.

"Hawa kobai ni wa nani?"

"Wa soko."

"Na wangu?"

"Wako kwa Kule."

"Kule wapi?"

"Si kule wapi, yaya. Kwa Kule. Mutu."

Domitille alishusha galoni la javel rafuni. Watano wale walikuwa wamebeba hamira iliyotoka katika damu ya mgonjwa. Walikuwa wamekaa siku nne katika nyumba ya mtu mwenye wajukuu. Na kobai hufanywa nini jikoni, kila mtu wa Bunia anajua. Mémoire ilimtoka kichwani kwa dakika nzima. Ikarudi, ikakaa pembeni ikingoja.

"Nyumba yake unaijua?"

"Mtaa wa Lumumba, nyuma ya kanisa. Lakini nimeijua jana tu, kwa mlinzi mwenzake, yaya, naapa. Wiki hii masista hawakunipa ruhusa ya kwenda mjini."

Walipanda pikipiki moja, Domitille katikati, Arielle nyuma amekumbatia galoni la javel kama mtoto.

Mzee Kule aliwapokea mlangoni mwa ua, amevaa lile koti juu ya singlendi, akafurahi kama mtu anayetembelewa na wakubwa wa kazi. Mke wake, mama Espoir, alikuwa kando ya moto. Juu ya moto kulikuwa na sufuria iliyofunikwa, na mvuke ulikuwa ukitoka pembeni.

"Papa Kule," Domitille alisema, na salamu ilimpotea, "mu sufuria iko nini?"

"Iko maharagi."

"Naomba uifunue."

Mzee alimtazama mke wake. Mama Espoir aliinua kifuniko. Yalikuwa maharagi.

"Weye ulifikiri iko nini?" mama Espoir aliuliza. "Siye banyonge tunakula maharagi, madame. Karibu."

"Kobai, mama. Wale kobai watano."

"Aa, ile." Mzee Kule aliinua kidole, akaingia ndani, akarudi na mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko kulikuwa na kadi ya kura, jeton ya zamani ya kupokelea posho katika kambi ya wakimbizi, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliikunjua mbele ya Domitille kwa mikono miwili. "Sikuiba. Niko na bon."

Karatasi, hati ya ruhusa ya kutoa mali, iliandikwa kwa K za mikia mirefu:

BON DE SORTIE. Kobai tano (5). Mwenye mali: KULE. Sababu: jina lake.

Chini yake palikuwa na muhuri wa mviringo, wenye nyota katikati, uliochongwa wazi wazi kwenye kiazi.

"Nilimuuliza huyu mutoto," mzee alisema, akimwonyesha Arielle, ambaye alikuwa akiitazama ardhi kwa uangalifu wa kisayansi. "Nilimuuliza, ile majina ku bizimba inamaanisha nini. Sababu Mumbere iko, anaendesha pikipiki ya hospitali. Kambale iko, anafagiaka. Kasereka iko ku bureau, anaandikaka. Na Kule ni miye. Nilisema, ni prime, zawadi ya bafanyakazi. Ile ya Mgeni nikajua ni ya kupikia bageni."

"Na yeye alikujibu nini?"

"Alisema, 'Muzee, kila mutu na jina yake.' Nikangojea siku tano. Bengine habakuje kubeba yabo. Nikasema, hapana, miye nabeba."

"Kwa nini hukuniuliza miye?"

Mzee Kule alikunja karatasi yake. Alijibu bila hasira, kama anayemweleza mtoto njia ya shule. "Madame, miye nilikaa mu kambi miaka mbili. Kule, jina yako inatoka ku liste, unabeba. Haiulizwake. Mutu mwenye anauliza sana, kesho yake jina inafutwa. Nilimuona mwenzangu, alisema 'labda ni Kule mwengine, acha niulize kwanza.' Wakapatia Kule mwengine."

Domitille alimshikia mfuko wake wa plastiki mpaka karatasi ikarudi ndani.

"Wako wapi sasa?" Domitille aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wako nyuma. Wanne. Moja ilikufa."

"Mliwala?"

"Kula?" Mama Espoir alishtuka. "Hatukulake nyama yenye kukonda yenyewe. Huyu alisema tuwanenepeshe kwanza, mpaka Pasaka. Lakini hawanenepi. Ni kobai gani ile mulimupatia muzee?"

Walikuwa nyuma ya nyumba, katika banda alilowatengenezea mzee mbali na wajukuu na mbali na kobai wengine wa nyumbani. Wanne, wembamba, manyoya yamesimama, na nukta za dawa ya zambarau bado mgongoni. Domitille alipiga magoti matopeni.

"Kwa nini uliwatenga?"

"Nilifuga mbuzi, madame. Munyama mwenye anakonda na anakula, si njaa. Iko na kitu ndani. Unamutenga, unanawa, unaangalia."

"Uliangalia?"

"Niangalie nini kingine? Niko likizoni." Akachuchumaa kando yake, akaanza kuonyesha kwa kidole. "Huyu wa alama tatu, ndiye alikufa. Alikuwa ameacha majani tangu alipofika. Jumapili mchana alilalia upande moja, Jumatatu kabla ya misa ya asubuhi, kwisha. Nilimuzika kule, kwa mugomba. Huyu wa alama moja aliacha kula Jumapili magaribi. Wa mbili, jana. Wa tano anakula kidogo akisikia baridi ya asubuhi, jua likipanda anaacha. Wa ine, ni mugumu. Huyu hatakufa, ona macho yake."

Domitille alikuwa ameshatoa daftari. Alikuwa akiandika haraka, na kile kitu kilichomtekenya kifuani Ijumaa kilikuwa kimerudi. "Wa tano, baridi ya asubuhi. Na maji? Walikunywa maji?"

"Mingi. Kupita bengine wote."

"Sema tena kuhusu Jumapili."

Mzee alisema tena. Alikumbuka kila mnyama kama watu wanavyokumbuka majirani. Saa nzima walichuchumaa pale, mwenye koti na mwenye daftari, wakibishana kama kupumua kwa haraka ni homa au ni hofu, na Arielle alinyunyiza javel kila mahali alipoambiwa na pengine alipokuwa hajaambiwa. Mama Espoir na wajukuu walipelekwa hospitalini kesho yake wakapimwa. Hakuna aliyekuwa na kitu, ila mjukuu mdogo mwenye minyoo, ambayo si kosa la mtu yeyote katika habari hii.

Walipokuwa wakiwapakia wale wanne kikapuni, mzee Kule aliuliza, "Madame, sasa ile dawa muliwachoma ni ya nini?"

Domitille alimweleza: hamira nne, ndugu wanne, mpole na mkali.

"Na ya mukali mulimupatia jina gani?"

Domitille alifunga kikapu. "Kule," Domitille alisema.

Mzee alifikiri. "Sawa," alisema. "Wa ine anakuta chakula imekwisha ku sahani. Lazima ajifunze."

Ijumaa profesa Adrien alisoma daftari akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa. Domitille hakuficha kitu. Uzito wa Kule tangu Jumamosi mpaka Jumatano aliuacha wazi, akaandika humo PENGO, na pembeni akaweka ushuhuda wa mzee Kule, siku kwa siku, kwa jina lake kamili. Kwenye Jumatano hakufuta mstari wake. Profesa alifika hapo, akalisogeza daftari karibu na macho.

"Dume nambari tatu amezaa," alisoma.

"Ndiyo, profesa."

"Uliandika hivi bila kufuta?"

"Ndicho nilichokiona."

Profesa aliketi. Alisema pengo ni pengo, jopo litalisema na litakuwa na haki, na hesabu ya hamira ndani ya viungo vya wale wanne ndiyo itakayoamua. Hesabu ilipofanywa, Mumbere na Kasereka hawakuwa na karibu kitu, Kambale walikuwa nayo kidogo, na Kule walijaa. Ukoo mmoja, tabia mbalimbali. Domitille alipewa ruhusa.

"Na pengo hili," profesa aliuliza akifunga daftari, "nani alilisababisha?"

"Msaidizi."

"Basi msaidizi aeleze kwa maandishi yaliyotokea. Nafsi ya tatu, bila 'mimi', kama sayansi inavyoandikwa. Nitaisoma."

Msaidizi aliandika. Ndizo kurasa hizi. Yaliyokuwa moyoni mwa Domitille, Domitille mwenyewe alimsimulia, akisahihisha. Jana alizisoma zote akiwa na kalamu ya bic nyekundu mkononi, akacheka mahali ambapo msaidizi alitaka alie, na alipofika kwenye msichana mtulivu, mwenye akili kupita umri wake, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akifanya kosa lolote, alipiga mstari chini ya kila neno, mistari miwili miwili.

"Huyu ni nani?" aliniuliza.

Nikamjibu kwamba ni nafsi ya tatu.

"Arielle."

Haya. Ni miye. Nilichonga kile kiazi Ijumaa wakati wa somo la dini, na nilipompa papa Kule ile bon nilidhani atacheka, kisha atairudisha. Hakucheka. Aliikunja mara nne akaiweka pamoja na jeton yake, na hapo ndipo nilipojua nimefanya nini, lakini pikipiki iliyombeba yeye na kobai ilikuwa imeshaondoka. Uzito wa Jumamosi na Jumapili ni wa kweli, ila si wa kobai wenyewe. Nimemwomba papa Kule msamaha. Alisema amesamehe, lakini ile bon hairudishi, kwa sababu ina muhuri.

Na kwa kuwa yaya amesema nikiri yote au niandike upya: wale wadogo wawili hawakubaki maabara na mama yao. Wanaitwa Katembo na Mbusa, wa tano na wa sita, kama hesabu inavyotaka. Wako bwenini, ndani ya lile boksi chini ya kitanda changu ambalo Sista Agathe anaamini ni la viatu.